Jina Lisilo na Kwao

Hasna Shireda alikuwa mweusi kama mimi, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na sauti iliyokauka kila alipochoka. Hakukuwa na kitu usoni mwake kilichosema Mjerumani. Lakini jina lake la ukoo lilikuwa la Kijerumani, na lilimfuata kutoka Tanga alikozaliwa mpaka Guangzhou, tulikokaa chumba kimoja mwaka 1997 na 1998. Mimi nilikuwa nikinunua viatu vya kupeleka Unguja, yeye mapazia na vitambaa vya mashela vya kupeleka Tanga na Dar es Salaam.

"Shireda" ni vile watu wa Tanga walivyoweza kutamka. Mwenyewe aliyekuja nalo aliandika Schröder. Alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Pangani, zamani za Mjerumani, na aliishi na mwanamke wa hapo aitwaye Shifa. Mwaka 1913 Shifa akazaa mtoto wa kiume, Abass. Miaka mitatu baadaye Waingereza wakaingia Tanga, yule msimamizi akakamatwa pamoja na Wazungu wenzake, akapakiwa melini, asionekane tena.

Shifa alisema ameolewa. Alisema bwana yake alisilimu, na mwalimu wa chuo cha Kurani hapo shambani akawafungisha ndoa mbele ya mashahidi wawili. Lakini mwalimu alikwisha kufa, na wale mashahidi walichukuliwa upagazi vitani wasirudi. Mji haukumwamini. Mtoto asiye na baba wa kutajwa huitwa bin Abdallah, basi watu wakataka Abass naye aitwe hivyo, yaishe. Shifa akakataa katakata.

"Mwanangu ana baba," alisema, "na baba yake ana jina."

Akamwandikisha shule: Abass Shireda.

Ikiwa ndoa ilikuwapo, lilikuwa jina la heshima kama majina mengine. Ikiwa haikuwapo, basi kila lilipotamkwa lilikuwa linaitangaza aibu ya bibi wa watu. Abass alizeeka akitupiwa maneno kwalo. Mwanawe Hafidh, baba yake Hasna, karani wa reli, alirudishiwa posa mara mbili kabla hajapata mke. Na Hasna aliniambia kwamba siku ya harusi yake mwenyewe, akiwa amefunikwa ushungi, alimsikia mama mmoja akimuuliza mwenziwe, "Hivi hawa kwa baba wanahesabiwa kwa nani?" Ndoa ile haikudumu. Hakusema ilivunjwa na jina. Alisema tu kwamba siku ya kugombana jina lilitajwa.

Mzee Hafidh alikuwa bado hai, amestaafu, macho yameanza kuingia ukungu. Kila Hasna alipofunga sanduku alimuuliza, "Huko uendako wapo Wajerumani?"

"Wapo wa kila aina, baba."

"Ukimwona Shireda, muulize. Wazungu huandika kila kitu. Lazima huko kwao wanajua kama alioa."

Hasna aliitikia kama mtu anavyomwitikia mzee. Hakutegemea kumwona.

Wakati huo soko la vitambaa la Zhongda halikuwa na majengo makubwa kama baadaye. Vilikuwa vibanda vya mabati vimebanana kando ya barabara, majora yamesimamishwa mpaka nje, pikipiki zikipita katikati. Hasna alikuwa akinunua kwa mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, Madam Liang, aliyekuwa na Kiingereza cha sokoni cha kutosha kumwambia mtu bei na kumkatalia. Kila mzigo wa Hasna ulipofungwa, Madam Liang aliandika jina lake ubavuni kwa Kichina, kwa jinsi lilivyomwingia masikioni: Shi-luo-de.

Siku moja ya mwezi wa Novemba tulimkuta ameshika kadi, anatungoja mlangoni.

"Tazama!" alisema, akaisogeza kadi karibu na maandishi ya mzigo. "Sawasawa! Shi-luo-de, Shi-luo-de. Fundi wa mashine za kutia rangi, kiwanda kinachonitilia rangi mimi. Mjerumani. Ndugu yako!"

Hasna akageuza kadi upande wa pili. Iliandikwa Ewald Schröder. Nilimwona akikaa juu ya jora bila kuangalia anakalia nini.

"Kwetu kijijini wote ni Liang," Madam Liang aliendelea. "Tuna nyumba ya wazee wa ukoo, majina yao yote yako ukutani. Nikikutana na Liang mahali, tukiulizana vizuri, tunapata babu. Na ninyi mtampata."

Jumapili iliyofuata alitupeleka sote kunywa chai ya asubuhi katika hoteli moja yenye kelele, ambako vikapu vya maandazi ya mvuke vilipitishwa mezani kwa vigari. Mimi na Hasna tulikunywa chai na kula machungwa. Yule Mjerumani alikuwa mrefu, ameinama mabega, umri wake kama miaka sitini na kitu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka. Alipoambiwa Hasna anaitwa nani alimtazama kwa muda, lakini hakucheka, na hilo peke yake lilimfurahisha Hasna, kwa sababu Wazungu wengi walicheka.

Usiku wake Hasna alikuwa amelala akipanga maneno yake ya Kiingereza. Akamweleza yote, Pangani na Shifa na meli ya Waingereza. Mwisho akauliza, "Katika jamaa zako, kuna aliyewahi kufika Tanga?"

Ewald aliweka kikombe chini. "Sijui," alisema. "Mwaka 1945 nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakaa Pomerania, mashariki kabisa. Warusi walipokaribia, mama alinifunga blanketi tukatoka kwa miguu kwenye theluji. Kilichokuwa kimeandikwa kilibaki nyuma. Sasa pale ni Poland, hata mji una jina jingine. Mimi mwenyewe sina wa kumuuliza."

"Lakini jina ni hilo hilo."

"Jina ni hilo hilo. Ila sikia, mama. Schröder ni jina la kazi. Zamani watu wa kule walikuwa na jina moja tu. Miji ikajaa, mtaa mmoja ukawa na Hans watano, watoza ushuru wakachanganyikiwa, ndipo kila mtu akabandikwa kazi yake. Upande wa kaskazini Schröder ni mkata nguo. Mahali pengine ni mtu wa kuviringisha mapipa ya mvinyo. Kila mji ulikuwa na wake, na hao wote hawakuwa ndugu."

Madam Liang alikunja uso. "Jina la kazi? Kwa hiyo si ukoo?"

"Baadaye linakuwa ukoo. Baba anampa mwanawe, hata kama mwana hajui kushika mkasi. Halafu jina linatembea. Lilikwenda mashariki na watu waliokuwa wanatafuta ardhi pwani ya Baltiki. Lilikwenda Amerika, huko wakaliandika vingine. Mwaka 1945 likarudi magharibi linakimbia."

"Na likafika Tanga," Hasna alisema.

"Na likafika Tanga," Ewald alikubali, kwa upole.

Tuliporudi chumbani Hasna alijilaza akiutazama ukuta. "Mkata nguo," alisema. "Miaka themanini tunatukanwa kwa jina la mkata nguo." Sikujua anacheka au analia.

Nilidhani yameishia hapo, lakini Ewald alianza kutujia. Alikuwa mtu mpweke. Mkewe walikwisha kuachana, binti yake hakumwandikia, na pale kiwandani wenzake walikuwa vijana wa Kichina wasioongea naye ila mambo ya mashine. Ramadhani mwaka ule ilianza siku ya mwisho ya Disemba, baridi inayoingia kwenye mifupa, na chumba chetu hakikuwa na moto ila jiko la kupikia. Alikuja magharibi na mfuko wa tende, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala uji na tambi zetu bila kuchagua. Hasna alimwita Mzee. Alimuuliza mambo madogo madogo: kule kwao mama wa mtu anaitwaje, mtu akifa wanasoma nini, mtoto wa nje anachukua jina la nani.

"La mama," Ewald alijibu.

"Na kama baba amekubali?"

"Basi la baba. Jina ni la anayekubali kulitoa."

Hasna alilirudia lile neno zaidi ya mara moja tulipobaki wenyewe.

Ewald alikuwa akilalamika tumbo tangu mwanzo. Alitembea na vidonge mfukoni, akivitafuna kama karanga. Siku moja kabla ya mwaka mpya wa Wachina, Guangzhou ilikuwa tupu. Viwanda vimefungwa, watu wamejaa stesheni wakirudi mikoani kwao, soko zima milango imeshushwa. Asubuhi Madam Liang akatupigia simu kwa mlinzi wa jengo letu. Mlinzi wa kiwanda alikuwa amemkuta Ewald sakafuni anatapika damu.

Tulimkuta hospitali juu ya kitanda cha magurudumu, rangi ya majivu, hatambui mtu. Daktari alisema kidonda cha tumbo kimepasuka, lazima apasuliwe kabla ya adhuhuri. Lakini lazima ndugu aweke sahihi. Madam Liang alipiga simu kwa mkuu wa kiwanda, amesafiri. Ofisi zote zimefungwa kwa sikukuu. Ujerumani kulikuwa bado hakujapambazuka, na namba ya kampuni yake iliita tu.

Ndipo Madam Liang akamshika Hasna mkono, akamsukuma mbele ya daktari, akasema maneno mengi ya haraka. Akaandika jina la Hasna juu ya karatasi, kando ya jina la mgonjwa. Shi-luo-de, Shi-luo-de. Daktari alilitazama jina, akamtazama Hasna na buibui lake, akatazama saa. Akampa kalamu.

"Nimemwambia wewe ni mtoto wa kaka yake," Madam Liang alisema.

Hasna alinigeukia, akanena Kiswahili kana kwamba wote pale wanakielewa, kwa kunong'ona. "Safia, mimi si ndugu yake. Nikiandika nimesema uongo, na nimefunga."

"Usipoandika atakufa," nilimwambia.

Aliandika. Herufi zilipanda mlima. Halafu akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, na hapo akakaa mpaka walipomtoa Ewald, hai.

Tulifikiri amepona. Siku ya Idi tulimpelekea mchuzi mwepesi, ingawa hakuruhusiwa kuula. Alikuwa ameamka, sauti kama ya mtoto. Hasna alimweleza alichofanya, akaomba radhi. Ewald alifumba macho.

"Basi nina mtoto wa kaka," alisema. Kisha, baada ya kupumzika, "Baba yako bado anangoja jibu?"

"Bado."

"Mwambie ndiyo. Mwambie umempata Schröder, na yule wa Pangani alikuwa mdogo wake babu yangu. Mwambie alirudi kwao akawaambia watu kwamba alioa Afrika, ndoa ya dini, na hakuoa tena. Niletee simu, nitamwambia mwenyewe. Hakuna aliyebaki duniani wa kunipinga."

Sijapata kumwona Hasna akipigana na nafsi yake namna ile. Alinyoosha shuka la mgonjwa lililokuwa limekwisha kunyooka, akalinyoosha tena.

"Ningependa, Mzee," alisema mwisho. "Lakini baba yangu atatangaza mji mzima. Atalipeleka msikitini. Na mimi nitakaa nikimtazama."

"Angekufa amefurahi."

"Ndiyo."

Mchana ule tulikwenda kwenye kibanda cha simu za nje. Rahim, mdogo wake Hasna, alikuwa amempeleka mzee kwa jirani mwenye simu kwa ajili ya kupeana mkono wa Idi. Nilisimama karibu, nikasikia upande mmoja tu.

"Nimemwona Shireda, baba. ... Ndiyo, Mjerumani hasa. ... Nimemuuliza. ... Hajui, baba. Kwao kulihamwa kwa vita, vitabu vyote vimepotea. ... Hapana, hakuna mwingine. ... Baba? ... Baba, unanisikia?"

Alipoitundika simu aliniambia mzee alisema neno moja, "Basi," akampa simu Rahim.

Usaha uliingia tumboni mwa Ewald. Walimfungua mara ya pili, hakuamka. Alikufa wiki iliyofuata, mchana, mvua nyembamba ya Guangzhou ikinyesha, Hasna akiwa ameteremka kununua maji.

Kampuni yake ilimpata binti yake, akafika. Aliitwa Anke, mwanamke mrefu wa umri wetu, mwenye adabu na uso uliochoka. Madaktari walimwambia kwamba binamu yake ndiye aliyeweka sahihi, akaomba kumwona. Tulikutana naye ukumbini. Alimtazama Hasna kuanzia ushungi mpaka viatu.

"Baba yangu hakuwa na ndugu Afrika," alisema. "Alikuahidi nini?"

"Hakuniahidi kitu."

"Kwa nini ulisaini?"

"Kwa sababu hakukuwa na mtu."

"Mngenitafuta. Ningemhamishia Hong Kong. Huko wangemtibu wanaojua." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umemtia kisuni kwa jina lisilo lako."

Nilimjibu mimi, nikasema kwamba walitupa mpaka adhuhuri, na yeye hakuna aliyekuwa na namba yake, maana baba yake hakuwa nayo. Anke aligeuka akatazama dirishani. Nadhani hapo alilia, ingawa hakutuonyesha.

Siku ya kumchoma maiti tulikwenda, mimi, Hasna na Madam Liang. Hatukuingia ndani, kwa sababu sisi jambo lile hatuliwezi. Tulisimama uani mpaka Anke alipotoka ameshika kisanduku kilichofungwa kitambaa chekundu. Alisita mbele ya Hasna.

"Nilisema jina lisilo lako," alisema. "Lakini halikuwa lake pia. Alikueleza?"

"Kunieleza nini?"

"Alizaliwa na jina jingine, la kule mashariki, ambalo shuleni magharibi walikuwa wakimcheka kwalo. Babake alikufa vitani. Baada ya kukimbia, bibi yangu aliolewa na mtu wa karibu na Bremen aitwaye Schröder, seremala. Yeye ndiye aliyempa jina. Baba hakupenda mtu ajue. Mimi nimeambiwa na mama."

Madam Liang akataka atafsiriwe. Nikamweleza mimi. Yule mama alitingisha kichwa tu, pole pole.

Kwenye teksi nilikumbuka chai ile ya kwanza. Ewald alikuwa amesema jina lilikwenda, jina lilikimbia, jina lilirudi. Hata mara moja hakusema sisi. Nikamwambia Hasna. Alijibu kwamba alikwisha kulifikiria hilo tangu pale uani, na kwamba sasa alielewa kwa nini mzee yule alikuwa tayari kumdanganyia baba yake. "Alitaka kunipa kama alivyopewa yeye," alisema. "Na mimi nikamrudishia."

Tangu siku ile lilimkaa. Usiku nilimsikia akijigeuza. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama ningekuwa mimi ningekubali ile simu. Nilimwambia ningekubali. Sijui kama nilisema kweli au nilitaka tu anyamaze.

Mzee Hafidh hakuuliza tena habari za Wajerumani. Rahim alisema aliacha kutoka barazani, akaacha kuzozana na wenziwe wa zamani, akawa mtu wa kukaa kimya na redio. Masika ya mwaka ule akashikwa na homa, akafa kabla Hasna hajapata ndege.

Rahim alipiga simu baada ya mazishi. Hasna alimuuliza kila kitu: nani aliosha, nani alikuja, alizikwa upande gani. Halafu akauliza, "Wakati wa kumlakinia pale kaburini, walimwitaje?"

"Kama anavyoitwa kila mtu, dada," Rahim alisema. "Hafidh mwana wa Mwanaidi. Kaburini mtu huitwa kwa mama yake."

Hasna alikuwa analijua hilo kama tulijuavyo sote, lakini aliposikia akakaa chini palepale kwenye kibanda cha simu, watu wakingoja nyuma yake. Wale waliomhesabia mzee jina maisha yake yote walikuwa wamesimama juu ya kaburi, na jina halikutakiwa.

Jioni tulikusanyika chumbani kusoma Yasini, wanawake wachache tuliokuwapo, na dada mmoja wa Mombasa, Getrude, Mkristo, aliyekaa nasi kwa heshima na kutupikia kahawa. Madam Liang alikuja na mfuko wa machungwa. Hakujua aingie au asimame, wala nini kinasemwa katika msiba wetu, basi akakaa kwenye kigoda mlangoni, mfuko mapajani, mpaka tukamaliza.

Asubuhi yake gari la mizigo lilikuwa linangoja kwenda bandari ya Huangpu. Hasna alinawa uso, akafunga ushungi, akateremka kusimamia majora yake yapakiwe.